Majina Niliyoyafuta Rudewa

Hadija,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua: umetoka hapa saa nane hii umenuna, umebamiza mlango, umekwenda kumuaga shangazi yako ng'ambo ya reli. Na hali yangu unaijua: nina hasira. Ninayo tangu Ijumaa, na wewe umeamua kwamba ni hasira ya mama asiyetaka binti yake aondoke. Umemwambia baba yako hivyo uani, nimekusikia. Umekosea. Naandika kwa sababu nikifungua mdomo nitapiga kelele, na wewe utasikia kelele tu.

Habari za chandarua na maji ya kuchemsha sitakuandikia. Una miaka ishirini na tatu, umekaa chuoni Morogoro miaka mitatu na hukufa. Nataka ujue kwa nini Ijumaa sahani ilinitoka mkononi.

Ulirudi kutoka Mikumi na barua yako ya kazi, umefurahi mpaka ulisahau kunisalimia. Ukasema, "Mama, kumbe bosi anakufahamu! Mlifanya kazi pamoja hapa Kilosa. Kanipa salamu zako. Kasema, 'Mwambie mama yako namkumbuka, alikuwa mtiifu sana. Na wewe uwe kama yeye.'"

Uliniletea neno hilo kama mtu anayeleta zawadi. Nikaichukua barua, nikaangalia sahihi chini. Ni yeye. Jina lake sitaliandika kwa mkono wangu, unalo kwenye hiyo bahasha.

Mtiifu! Mimi! Hadija, lile neno nimelala nalo siku tano. Wala hakulisema kunitukana. Alilisema kunisifu, na hilo ndilo linaloniunguza, kwa sababu kwa muda wa miezi minane ya maisha yangu lilikuwa neno la kweli.

Ulikuwa darasa la tano. Unakumbuka nilikuwa navaa viatu vyenye kisigino, ukivijaribu chumbani nikiwa bafuni. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kampuni yake ya upimaji, ofisi ya nyumba ya kupanga hapahapa mtaani kwetu Magomeni. Walikuwa wanapima mashamba ya vitongoji kumi na kimoja upande wa Rudewa, ili kila mwenye shamba aandikwe jina lake. Wapimaji wanakwenda uwandani, wanarudi na madaftari, mimi nachapa. Kompyuta ilikuwa moja ya mezani, na kwa kuwa kila wiki ilikuwa inajaa virusi, fundi kutoka Morogoro aliiwekea mfumo mwingine, Linux. Wenzangu waliichukia. Mimi nikaipenda. Nilikuwa mpiga chapa tu, form four, lakini nilijifunza ile skrini nyeusi kwa vitabu nilivyochapisha kutoka mtandaoni, ukurasa kwa ukurasa, mpaka nikawa naandika amri bila kuangalia pembeni.

Nilijiona sana, mwanangu. Nisikufiche. Wenzangu walikuwa wanakokota faili kwa mausi, folda moja, kisha nyingine, mimi nawacheka. Meneja, ndiye huyo bosi wako, akipita nyuma yangu anasema, "Huyu mama ni hatari," na mimi nanyoosha shingo.

Kila kitongoji kilikuwa na folda yake. Ndani ya kila folda kulikuwa na faili moja yenye jina lilelile, wamiliki.csv, orodha ya watu na mashamba yao. Siku moja, Alhamisi alasiri, Meneja akanipa fomu mpya tupu, yenye safu zilizoongezwa za namba ya simu na ya kitambulisho. Akasema, "Mama Hadija, sambaza hii kwenye folda zote kabla hujatoka." Na hiyo fomu tupu nayo aliipa jina hilohilo, wamiliki.csv.

Wewe unajua kwamba cp, ile amri ya kunakili faili, haikubali kupewa folda kumi na moja kwa mpigo. Ukimpangia folda nyingi, anaichukua ile ya mwisho kuwa ndiko aendako na zilizobaki anaziona mizigo. Inabidi umzungushe. Nikaandika:

for f in */; do cp wamiliki.csv "$f"; done

Mstari mmoja. Chukua kila folda, moja baada ya nyingine, weka faili hii humo, maliza. Nikabonyeza. Haikutoa hata neno. Nilijipigia makofi, nikachukua mkoba wangu, nikatoka saa tisa na nusu wakati wenzangu bado wanakokota mambo yao.

Umeshaona nilichofanya. Wewe umesoma, utakuwa umeona mistari kumi iliyopita. Mimi sikuona. Faili yenye jina lilelile ikiingia, ile iliyokuwamo inakwisha. Na cp haiulizi. Ningeweka -i ingeniuliza, folda kwa folda, una uhakika? Ningeandika echo kabla ya cp, ningeona kwa macho yangu inachotaka kufanya kabla haijafanya. Nilivijua vyote viwili. Niliviona ni vya watu waoga.

Asubuhi ya Ijumaa alifika Mzee Kibwana. Huyu alikuwa mpimaji wetu mtu mzima, goti moja bovu, amezunguka Rudewa wiki nyingi kwa miguu, shamba kwa shamba, akiwasimamisha majirani mpakani na kuwauliza, hili la nani, na lile la nani. Orodha za mwanzo zilikuwa zimeletwa na wenyeviti, zina makosa chungu nzima: watu waliokufa, watu waliohama, wajane walioandikwa chini ya majina ya mashemeji. Yeye ndiye aliyezirekebisha, na mimi ndiye niliyeyachapa hayo marekebisho kwa vidole hivi. Akanisogelea, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniomba nimfungulie kitongoji chake cha mwisho. Nikafungua. Safu, vichwa vya safu, na weupe mtupu.

Akasema, "Mama Hadija, watu wangu wako wapi?"

Nikafungua folda ya pili. Ya tatu. Zote kumi na moja. Nikawa nakosea kuandika hata neno la herufi mbili.

Hilo lilikuwa kosa, Hadija, na kosa lile peke yake lisingenifanya nikuandikie leo. Madaftari ya Mzee Kibwana yalikuwapo. Yalikuwa kwenye kabati la chuma, hatua tatu kutoka kitini kwangu, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Usije ukaniambia habari zako za nakala za akiba na wingu. Nakala ilikuwapo! Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, na saini za majirani. Ilihitaji wiki mbili za kuchapa.

Tukaingia kwa Meneja, Mzee Kibwana na mimi. Nikasema yote, sikuficha. Hakugomba hata kidogo, na nilimshukuru moyoni kwa kutogomba, mjinga mimi. Akauliza tu, "Zile orodha za mwanzo, za wenyeviti, bado zipo kwenye barua pepe?"

Nikasema zipo.

"Basi weka hizo. Zisambaze kwenye folda."

Mzee Kibwana akasema, "Zile si sahihi, bosi. Madaftari yapo, utupe wiki mbili."

"Wageni wa mradi wanakuja Jumatatu kukagua. Wanataka kuona majina kwenye orodha. Nani atagundua?"

"Wenye mashamba watagundua."

"Watakata rufaa. Utaratibu upo."

Kisha akanigeukia mimi. Hakunifokea, hakunitisha kazi. Alisema, "Mama Hadija, wewe ndiye uliyefuta. Mimi najaribu kukusaidia." Nikarudi mezani, nikaandika mstari mwingine, mrefu kidogo kuliko ule wa kwanza, wa kurudisha kila orodha ya zamani kwenye folda yake. Safari hii niliangalia vizuri kabla ya kubonyeza. Nilijua kila jina linalorudi na kila jina linalozama. Nikabonyeza.

Mzee Kibwana alivaa kofia yake, akatoka, hakurudi tena ofisini. Mimi nilibaki. Huo ndio utiifu anaousifu.

Orodha zikabandikwa ukutani huko vitongojini. Siku chache baadaye akaja mama mmoja ofisini, mtu mzima, kanga imefungwa vizuri, vumbi la Rudewa hadi magotini. Bibi Chausiku. Nilimfahamu kabla hajajitaja, kwa sababu jina lake nililichapa mwenyewe: mjane, shamba la mahindi na ufuta karibu na mkonge wa zamani, hapo awali likiandikwa kwa shemeji yake. Nikamwambia shikamoo. Akasema marahaba mwanangu. Akakaa.

"Mwanangu, mimi nilisimama shambani pale na yule mzee wa goti. Majirani walikuwapo. Jina langu likaandikwa, nililiona, kusoma najua. Leo ukutani nimemkuta shemeji."

Hadija, nilikuwa na ufunguo kwenye mkoba. Nilikuwa nao mapajani, naugusa kwa vidole kupitia ngozi ya mkoba.

Nikamwambia, "Mama, kompyuta ndivyo inavyosema."

Akaniangalia, kisha akaiangalia kompyuta, kwa heshima, kama mtu anayemwangalia hakimu. Akauliza, "Haiwezi kuwa imekosea?"

"Haikosei, mama."

Akanishukuru. Akanishukuru, unasikia? Akasimama akaenda zake.

Sasa utaelewa kilichonipata mwezi uliopita, pale stationery ulipokuwa unajishikiza. Nilikaa kwenye benchi nikikusubiri. Yule mwalimu alikuja kuchukua mtihani wake uliochapwa, wewe ulikuwa umehifadhi mwingine juu yake, nilikuona ulivyoshtuka. Ukamwambia, "Dah, mwalimu, mashine imeula." Ukacheka. Naye akacheka, akatoa upya karatasi aliyoiandika kwa mkono. Mimi nilitoka nikakuacha ukaja nyumbani peke yako, ukaniuliza nimekasirikia nini, nikasema kichwa kinauma. Kichwa hakikuwa kinauma. Nilikuwa nimesikia mdomo wangu ukiongea kwa sauti yako.

Mashine haili kitu! Haisemi kitu! Ni sisi, Hadija. Ni vidole vyetu.

Yule shemeji, alipoona jina lake limebandikwa na muhuri chini, alilikodisha shamba kwa mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, Masanja. Usiniletee maneno ya vijiweni juu ya wafugaji. Masanja alikuja na karatasi yetu mkononi. Alikuwa ameuliza, akaonyeshwa orodha, akaamini. Ng'ombe wakaingia kwenye mahindi ya Bibi Chausiku yakiwa yamebeba. Mama wa watu akatoka na jembe, akampiga ng'ombe mmoja mguuni, watoto wa Masanja wakapiga yowe, majirani wakaja na mapanga. Kwa bahati Masanja mwenyewe aliwazuia wanawe. Aliyemsukuma Bibi Chausiku hakuwa mfugaji. Alikuwa shemeji yake. Mama wa watu aliangukia mkono, ukavunjika.

Masanja alikuja ofisini siku ya pili. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema kwa kile Kiswahili chake cha polepole, "Dada, mimi nimesoma karatasi yenu tu. Huyu mama analia kwa Mungu wake kwamba shamba ni lake. Niambie ukweli nitoe ng'ombe."

Meneja alikuwa ndani, mlango wazi. Nikasema, "Orodha ndiyo hiyo, kaka."

Mara ya pili! Mara ya pili nikalisema, na huyu alikuwa ameniomba ukweli kwa jina lake.

Niliendelea miezi mingine nikichapa, nikivaa vile viatu. Nilijiambia nina watoto. Nilijiambia rufaa ipo. Wewe ulikuwa unaanza darasa la sita, uniforomu mpya, nikaangalia uniforomu na kusema ndiyo hiyo sababu. Nilikutumia wewe kuwa sababu, na kwa hilo nakuomba radhi, kwa sababu hukujua na hukunituma.

Kilichonitoa hakikuwa ushujaa. Nilikutana na Bibi Chausiku sokoni, mkono umeunga kombo, anachagua nyanya kwa mkono mmoja. Nilitaka kupinda njia. Akaniona, akaniita, "Mwanangu wa kompyuta!" Akaniuliza habari za watoto. Hakuwa ananikejeli. Alikuwa bado ananiamini. Sikula siku ile, na asubuhi yake nilifungua kabati, nikatoa daftari lenye jina lake, nikalifunga kwenye kanga, nikaenda nyumbani kwa Mzee Kibwana. Nilidhani atanifukuza. Alilipokea, akalifungua ukurasa kwa ukurasa, akasema tu, "Umechelewa, lakini twende."

Tulikwenda barazani kwenye shauri la shamba lile. Nikasimama mbele ya watu wa Rudewa waliojaa mpaka madirishani, nikasema: kompyuta haikukosea, mimi nilifuta, na baada ya kufuta nilidanganya. Shemeji akanizomea. Masanja akasimama bila kuitwa akasema karatasi aliyoisoma ilikuwa ya uongo, na yeye anatoa ng'ombe wake leo. Meneja alisema mimi ni mwizi, nimeiba daftari la ofisi. Wewe nilikwambia mkataba umekwisha. Hakufukuzwa mama yako kwa mkataba, Hadija. Alifukuzwa akiwa anaitwa mwizi, na akaona aibu kukwambia, na aibu hiyo ndiyo iliyokupeleka wewe kwa huyu mtu kwa miguu yako mwenyewe, ukiwa na tabasamu. Kwa hiyo nusu ya hasira hii ni yangu mimi. Chukua nusu nyingine tu.

Jina la Bibi Chausiku lilirudi. Nililipeleka mwenyewe, karatasi yenye muhuri, mpaka Munisagara, kwa sababu Bibi Chausiku alikuwa amekwisha kuhamia huko kwa binti yake. Nyumba yake ya Rudewa shemeji alikuwa ameibomoa na kuuza mabati. Alikuwa anapukuchua mahindi ya watu. Alisoma karatasi polepole, kidole chini ya mstari.

"Ni mimi kweli," akasema.

Nikamwambia yote, kuhusu ufunguo pia. Nilitaka anitukane. Alipukuchua gunzi zima, akachukua jingine.

"Ile siku ningejua unao, ningekuomba kwa magoti," akasema. "Mimi nilidhani ninapambana na mashine. Nikakata tamaa mapema."

Hakusema amenisamehe. Alinipa maji ya kunywa, nikanywa, nikaondoka. Shamba lile hakurudi kulilima, analima mpwa wake. Yeye alifariki mwaka juzi, nilikwenda msibani nikakaa nyuma.

Na yule mtu? Alifunga ofisi, akakaa kimya miaka michache, leo ana kibao Mikumi na kompyuta mpya kumi. Anapima vijiji vya kandokando ya hifadhi, kama ulivyoniambia. Anawaajiri wasichana wenye diploma na anawaambia wawe kama mama zao.

Baba yako anasema nisikuharibie safari. Sikukatazi kwenda. Kazi hakuna, naijua hiyo kuliko wewe, na umezitafuta mwaka mzima mpaka viatu vikaisha. Ningekuwa na uwezo ningeichana hiyo barua, na nimeishika asubuhi hii kwa mikono miwili, nikairudisha kwenye bahasha kwa sababu ni jina lako lililo juu yake. Lakini huendi ukiwa hujui. Salamu zake sikuzipokea. Akiuliza, mwambie hivyo, tena mbele ya wenzako.

Siku atakapokwambia "sambaza hii", utaandika echo kwanza, najua, wewe ni mwerevu kunishinda. Sina wasiwasi na hilo. Nina wasiwasi na asubuhi ya pili yake. Utakosea, Hadija. Hakuna anayekaa mbele ya ile skrini asikosee. Na atakuja kwako kwa upole, hatafoka, atasema anakusaidia. Utamshukuru moyoni. Hapo ndipo ninapotaka unichukie mimi kwa nguvu zote, unikumbuke nikiwa nimekaa na ufunguo mapajani nikimdanganya mama wa watu, ukasirike mpaka usiweze kukaa kitini.

Kisha unipigie simu. Usimpigie baba yako, yeye atakwambia subiri. Nipigie mimi. Nitapanda gari la kwanza la Mikumi, liwe limejaa au halijajaa, na tutakwenda wote wawili hadi kwa huyo mwenye shamba, popote alipo. Utabisha hodi wewe. Utamwamkia. Mimi nitasimama nyuma yako na sitasema neno, kwa sababu utakayesema ni wewe.

Mimi mama yako,
Zainabu